Kanuni za Chama Chetu cha Wastaafu: Maneno Yaliyosomwa Mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Sisi tuliochaguliwa na mkutano wa mwaka jana ili kutunga rasimu ya kanuni za chama hiki cha udugu wa watumishi wa Serikali waliostaafu, twasimama mbele yenu kutoa hesabu ya kazi mliyotupa. Rasimu yenyewe imo mikononi mwenu. Hatukusudii kuisoma yote, maana hakuna hata mmoja humu ambaye hakusoma nyaraka za Serikali kwa miaka mingi, na mtu wa namna hiyo hasomewi karatasi aliyoishika. Twataka kueleza zile kanuni chache tulizobishana juu yake kwa saa nyingi, ili mjue sababu zetu kabla hamjazikubali au kuzikataa.

Neno tulilojiuliza kwanza lilikuwa hili: kanuni hizi zaandikwa kwa ajili ya nani? Ni rahisi kumwandikia kanuni mtu aliye hapa leo, mwenye afya, mwenye shamba lake la chai, awezaye kupanda gari kutoka Londiani au Mulot akafika mkutanoni kabla ya mvua ya alasiri. Lakini chama cha wastaafu si kama chama cha vijana wa mpira, ambao mmoja akichoka mwingine huingia uwanjani. Sisi twazeeka sote pamoja. Yuko mmoja kati yetu, wala hatujui ni nani, atakayekuwa wa mwisho kubaki. Basi tuliazimia kuipima kila kanuni kwa mtu huyo, na kwa yule ambaye pensheni yake ni ndogo kuliko za wote. Kanuni isiyowafaa hao wawili tuliifuta, hata kama ilitupendeza sisi.

Kazi ya namna hii si ngeni katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1922, huko Tanga, Martin Kayamba, aliyekuwa karani wa Serikali, alianzisha na wenzake chama cha Waafrika watumishi wa Serikali katika Tanganyika, nacho kiliwaunganisha Waislamu na Wakristo, na watu wa makabila mbalimbali, kwa sababu ya kazi yao moja. Mwaka uliofuata, katika nchi ya Nyanza, jirani zetu walipata chama cha ustawi cha walipa kodi wa Kavirondo, kikiongozwa na Arkidikoni Owen, na wanachama wake waliahidi mambo ya nyumbani kabisa: kuchimba vyoo, kupanda miti, kuua panya. Wako wanaocheka wakisikia habari ya panya. Sisi hatukucheka, kwa kuwa kanuni iliyo wazi hata mtu aweza kuhesabu kama imetimizwa ni bora kuliko kurasa kumi za maneno ya fahari juu ya umoja.

Juu ya sheria ya nchi twasema kwa ufupi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 36, yampa kila mtu haki ya kujiunga na chama, na kifungu cha 57 chawataja wazee kwa namna ya pekee, ya kwamba waishi kwa heshima na wapate matunzo ya jamaa zao na ya Serikali. Njia za kuandikishwa ni mbili. Iko Sheria ya Vyama, Sura ya 108, iliyo chini ya Msajili wa Vyama, na iko sheria mpya zaidi ya mwaka 2022 ya kuandikisha vikundi vya jamii. Ya pili yafaa kwa kikundi cha kijiji kimoja. Sisi tumechagua ya kwanza, kwa kuwa yatulazimisha kuyaandika yale ambayo watu wenye haya hupenda kuyaacha: fedha zitatumiwa kwa kazi gani na zitawekwa wapi, nani atazikagua, mwanachama atafukuzwaje, na chama kikivunjika mali yake itakwenda wapi.

Sasa twaja kwa kanuni ya 3, iliyotuchosha kuliko zote: nani aweza kuwa mwanachama?

Rasimu ya kwanza kabisa ilisema kwamba mwanachama ni mtu apokeaye pensheni chini ya Sheria ya Pensheni, Sura ya 189. Maneno hayo yalionekana safi. Tulipoyachunguza tukaona kwamba yawafungia mlango watu wengi ambao tulifanya nao kazi bega kwa bega. Pensheni ya sheria hiyo humtaka mtu awe ametumika miaka 10 katika cheo cha kudumu. Wako wafagiaji, wapishi na walinzi waliotumika muda mrefu kuliko baadhi yetu, lakini kwa ajira ya muda, wakaondoka bila pensheni. Je, aliyefungua lango la bohari la Serikali kila asubuhi kwa miaka 15 hakuwa mtumishi wa Serikali? Wako pia waliokuwa chini ya mabaraza ya wilaya na ya miji, ambayo yalikwisha mwaka 2013 serikali za kaunti zilipoanza kazi. Wako walimu, ambao tangu mwaka 1967 mwajiri wao amekuwa Tume ya Kuajiri Walimu, na mtu mbishi aweza kusema kwamba mwalimu si karani wa Serikali. Katika wilaya hizi mwalimu ndiye aliyewafundisha makarani wote, basi hoja hiyo hatukuipa nafasi.

Iko sababu nyingine, nayo yamhusu yule mwanachama wetu wa mwisho. Tangu Januari 2021, Serikali imeanza mpango mpya wa malipo ya uzeeni ambao mtumishi mwenyewe huchangia kutoka mshahara wake na Serikali huongeza sehemu yake. Waliokuwa na umri chini ya miaka 45 wakati huo waliingizwa katika mpango huo mpya. Kwa kuwa umri wa kustaafu ni miaka 60 tangu ulipopandishwa kutoka 55 mwaka 2009, watu hao wataanza kufikia umri huo mwaka 2036. Kama kanuni yetu yasema ni wapokeaji wa pensheni ya sheria ya zamani peke yao watakaoingia, basi tumeandika kwa mkono wetu tarehe ya kufa kwa chama hiki. Hakuna atakayeingia nyuma yetu. Kwa hiyo kanuni ya 3 sasa yasema: kila mtu aliyetumikia Serikali ya Kenya, tume yake, baraza la wilaya au mji, au serikali ya kaunti, kwa muda usiopungua miaka 5, akaondoka kwa heshima, akawa akaa au ana asili katika Kaunti ya Kericho au ya Bomet.

Twajua kwamba neno hilo la mwisho, kaunti mbili katika chama kimoja, halikuwapendeza wote. Bomet ilitengwa na Kericho ikawa wilaya yake mwaka 1992, na ndugu zetu wa upande huo wameonja utamu wa kuwa na ofisi zao. Lakini wengi wetu tuliajiriwa kabla ya mwaka huo, katika wilaya moja. Tulihamishwa kutoka Sotik kwenda Kipkelion na kutoka Chepalungu kwenda Belgut bila kuvuka mpaka wo wote, na mafaili yetu yalikaa katika kabati moja. Kuligawa kundi la wazee kwa mpaka uliochorwa baada ya wao kuanza kazi si jambo la lazima. Tumependekeza mikutano ifanyike kwa zamu, mwaka mmoja Litein na mwaka mwingine Sotik, kwa kuwa miji hiyo miwili iko katika barabara moja, huku na huku ya mpaka.

Kanuni ya 9 ni ya msiba, nayo ndiyo kiini cha rasimu yote. Twaomba mtusikilize kwa subira, kwa kuwa tutatumia hesabu.

Desturi iliyozoeleka katika vyama vingi ni kwamba mtu akifa, kila mwanachama hutoa fedha kiasi fulani, zikakusanywa zikapelekwa kwa wafiwa. Ni desturi nzuri, yenye huruma ndani yake, na wengi mlitaka tuiandike vivyo hivyo. Tuchukue mfano. Chama kina watu 121. Mmoja afariki, na 120 waliobaki watoa kila mmoja shilingi 500. Wafiwa wapata shilingi 60,000. Miaka yapita, na kama hatukupata wanachama wapya, twabaki 41. Mmoja afariki, na 40 watoa shilingi 500 kila mmoja. Wafiwa wapata 20,000. Marehemu huyo wa pili alikwisha kutoa mchango mara 80 kwa ajili ya wenzake, yaani shilingi 40,000, na nyumba yake yapokea nusu ya alichotoa. Na yule wa mwisho kabisa, aliyewazika wote, hatakuwa na mtu wa kumtolea hata senti moja. Tena katika miaka ya mwisho vifo hukaribiana, na waliobaki ni wale wenye umri mkubwa zaidi, ambao dawa zao hugharimu zaidi. Desturi ile humtoza sana mtu ambaye ameishi muda mrefu.

Kwa sababu hiyo twapendekeza Mfuko wa Maziko. Kila mwanachama atatoa shilingi 300 kila mwezi, kuna msiba au hakuna. Fedha zitakaa benki, na zile zisizohitajiwa karibuni zitawekwa katika hati fungani za Serikali zinazouzwa na Benki Kuu ya Kenya. Atakapofariki mwanachama, au mke wake, au mume wake, nyumba hiyo italipwa kiasi kimoja kilichokubaliwa na mkutano mkuu, na kiasi hicho hakitaangalia cheo wala idadi ya walio hai. Mkutano mkuu hautaweza kukipandisha kabla ya mkaguzi wa hesabu kusema kwa maandishi kwamba mfuko waweza kukistahimili. Ndugu wengine walitaka watoto na wazazi waingizwe pia. Tulikataa kwa huzuni. Watoto wetu ni watu wazima wenye nyumba zao, na mfuko mdogo ukifunguliwa pande zote hupasuka.

Wako waliouliza kwa nini mchango ulingane, wakati aliyekuwa mkuu wa idara hupata kwa mwezi mara nyingi ya pensheni ya aliyekuwa tarishi. Swali hilo ni la haki. Lakini tuliona kwamba atoaye zaidi hudai sauti zaidi, na mwisho wake chama huwa mali ya wachache. Afadhali kiwango kiwe chini, kilingane, na mwenye uwezo aongeze kwa hiari katika mfuko mwingine wa kusaidia wagonjwa. Wale ambao mapato yao makubwa ni chai wanaruhusiwa kulipa mwaka mzima mara moja bonasi itokapo, na wenye ng'ombe wa maziwa walipe kila mwezi.

Juu ya mikopo hatukulegea. Hoja ilikuwa kwamba fedha zikikaa bure ni hasara, afadhali tukopeshane kwa riba ndogo. Vyama vya akiba na mikopo vipo tele katika miji yetu, navyo vina sheria yake. Mtu aliyekopa fedha za maziko, na msiba ukatokea kabla hajarudisha, amekopa jeneza la mwenzake. Kanuni ya 11 yasema kwamba Mfuko wa Maziko hautakopeshwa kwa mtu ye yote, hata kwa siku moja, hata kwa mwenyekiti.

Na fedha zitapokewaje? Tangu mwaka 2007, M-Pesa ilipoanza, mzee aliye Mogogosiek hana haja ya kusafiri ili kulipa ada, na hilo ni neema kubwa. Lakini neema hiyo imeleta desturi mbaya ya kutuma michango kwa simu ya mweka hazina mwenyewe. Hata awe mwaminifu kama jua, akifa ghafula, fedha za chama zimo katika simu ambayo siri yake aliijua peke yake, na watoto wake watafikiri ni urithi. Michango yote itatumwa kwa namba ya chama iliyofungamanishwa na benki. Watakaotia sahihi ya kutoa fedha watakuwa watatu, nao lazima watoke kaunti zote mbili, na mmoja wao awe mwanamke.

Kuhusu anayechelewa kulipa, tuliona katika kanuni za vyama vingine maneno makali: asiyelipa miezi mitatu jina lake hufutwa. Kanuni hiyo ilitungwa na vijana. Mzee aliyesahau si mkaidi. Aliyestaafu juzi huenda akangoja miezi kadhaa kabla ya pensheni yake ya kwanza kufika. Mwingine yumo kitandani Longisa au Kapkatet. Kwa hiyo baada ya miezi mitatu katibu atampigia simu, na baada ya miezi sita wanachama wawili watakwenda nyumbani kwake, nao wataleta habari kwa kamati ya kwamba ni mgonjwa, ni maskini, au ni mtu asiyetaka. Ni huyo wa mwisho tu atakayefutwa. Deni la wengine litakatwa katika fedha za maziko siku itakapofika.

Sasa neno juu ya wajane na wagane, na hapa hatukubaliani hata sisi kwa sisi. Sheria ya Pensheni humlipa mtegemezi wa mpokea pensheni aliyefariki kwa muda wa miaka 5. Baada ya hapo fedha hizo hukoma. Mama aliyeachwa na miaka 62 atakuwa na 67 siku zitakapokoma, na huo ndio umri ambao mtu huhitaji wenzake. Desturi ya vyama ni kwamba mume akifa, mke hupokea fedha za maziko na jina la nyumba hiyo hufutwa katika daftari. Wengi wetu twaona hiyo ni aibu. Kanuni ya 14 yampa aliyebaki haki ya kuendelea kuwa mwanachama kamili, mwenye kura, kwa kulipa ada ile ile. Wachache katika kamati walisema kwamba chama kitajaa watu ambao hawakutumikia Serikali. Wengine tukajibu kwamba mwanamke aliyehamishwa mara saba, akalima bustani nyuma ya nyumba saba za Serikali na kuziacha mahindi yakiwa mabichi, ametumika.

Kila mwanachama ataandika karatasi ya warithi wa fedha zake za maziko, itiwe katika bahasha, ifungwe, na kufanywa upya kila mwaka. Twajua nyumba zetu. Iko nyumba ya wake wawili, na iko nyumba iliyosimamishwa kwa desturi yetu ya mwanamke asiye na mtoto wa kiume kumwoa mwanamke mwenzake ili apate mrithi. Kamati ya chama si mahakama, haiwezi kuketi siku ya msiba ikaamua nani ni mke. Itafuata bahasha.

Pamoja na bahasha hiyo, katibu atatunza nakala ya barua ya kuajiriwa, namba ya pensheni, na kitambulisho cha kila mwanachama. Mtu asione kazi hiyo kuwa ndogo. Walimu waliostaafu kati ya mwaka 1997 na 2007 walishinda katika Mahakama Kuu ya Nakuru mwaka 2008, ya kwamba nyongeza ya mishahara iliyokubaliwa mwaka 1997 ihesabiwe katika haki zao. Malipo yalikawia miaka mingi baada ya hukumu, na wengi walikufa kabla ya kuyaona. Katika kukawia kwa namna hiyo, nyumba yenye karatasi zake yaweza kuendelea kudai, na nyumba isiyo nazo huchoka kupanda gari kwenda Nairobi kusimama mbele ya dirisha la Bima House na kuulizwa namba ambayo marehemu hakumwambia mtu.

Kanuni ya 17 ni fupi. Katika mikutano ya chama hakuna atakayeitwa kwa cheo chake cha zamani. Hakuna Bwana D.O., wala Bwana Afisa, wala karani, wala tarishi. Wazee wetu waliketi kokwet chini ya mti, na kila mwenye boma alisema neno lake likapimwa kwa uzito wake. Twakiri kwamba kanuni hii itavunjwa kila mkutano, kwa kuwa ulimi una mazoea, lakini twataka iwepo ili mtu aweza kuitaja.

Siasa tumezipa mstari mmoja: hakuna mgombea atakayesema mkutanoni, wala chama hakitapokea fedha za mgombea katika mwaka wa uchaguzi.

Imebaki kanuni ya 24, ya kuvunja chama. Wanachama wakipungua chini ya 10, ambayo ndiyo idadi inayotajwa na Sheria ya Vyama, wadhamini watatenga kwanza fedha za maziko za kila mmoja aliyebaki na za mwenzi wake, ziwekwe benki kwa jina lake. Zitakazozidi zitakwenda kwa hospitali ya umma, nusu kila kaunti. Hakuna mwanachama atakayegawiwa.

Bwana Mwenyekiti, twaomba rasimu ipigiwe kura kanuni kwa kanuni. Juu ya kanuni ya 3 na ya 14 twaomba kura iwe ya karatasi, wala si ya kuinua mikono, kwa kuwa wamo humu waliotumika zamani chini ya wale walioketi mstari wa mbele, na wamo akina mama waliofiwa ambao haki yao ndiyo itakayoamuliwa. Karatasi ziko kwa katibu, na kalamu pia.